Kitabu cha kwanza cha jiofizikia: kianzie pale kisima kilipotoka kikavu

"Shikamoo mwalimu," ameniandikia msomaji mmoja wa Singida. "Nina stashahada ya mambo ya maji, na huu ni mwaka wa pili nafanya kazi na kampuni ndogo ya kuchimba visima. Mashine ya kupima ukinzani wa ardhi, yaani jinsi ardhi inavyoupinga umeme, nimejifunzia kazini, darasani sikuigusa. Miezi mitatu iliyopita nilipima sehemu tatu kwenye kijiji kimoja, nikachagua ile iliyotoa namba ndogo kuliko zote, om-mita 15. Mtambo ukashuka mita 80. Tulikuta mfinyanzi mpaka mita 14, baada ya hapo granaiti ngumu na vumbi tupu hadi chini. Bosi kaniambia nikasome jiofizikia, elimu ya kupima kilicho chini ya ardhi bila kuchimba. Hela niliyonayo ni ya kitabu kimoja. Hesabu zangu ni za kidato cha nne na kidogo cha chuo. Ninunue kipi?"

Marahaba, na pole kwa vumbi. Kila mpimaji ana kisima chake kikavu. Anayesema hana, ama hajapima vya kutosha, ama huwa ameshaondoka kijijini mtambo unapofika.

Jibu fupi nakupa kabisa ili usihangaike kusoma mpaka mwisho: nunua cha John Reynolds, An Introduction to Applied and Environmental Geophysics, toleo la pili la mwaka 2011. Kabla hujatoa hata shilingi, soma kwanza vitu vya bure nitakavyokutajia huko chini, maana vinaweza kukutosha kwa miezi sita. Jibu refu linahusu jinsi ya kuchagua, kwa sababu kesho utahamia kwenye kazi ya barabara au ya madini na jina nililokupa leo halitakufaa.

Watu wakiuliza kitabu cha kuanzia, huwa wanatajiwa kile alichosomea anayejibu. Mimi niliangukia humo. Nilipewa nakala ya kivuli ya Applied Geophysics cha Telford, Geldart na Sheriff, kitabu kinene cha kuweza kuzuia mlango, nikaambiwa hiki ndicho msahafu wa fani. Ni kweli kimebeba karibu kila kitu kilichojulikana hadi toleo lake la pili la 1990. Lakini kinafungua na sura ya mvutano wa dunia, milinganyo baada ya milinganyo, na mimi nilikuwa na elektrodi nne, vile vyuma vya kuchomeka ardhini, na nyundo. Niliishia humo humo kwenye mvutano. Sura za umeme, ambazo ndizo zilikuwa mkate wangu, nilizifikia baada ya miaka miwili, na nilizifikia kwa kuruka.

Kwa hiyo usianze kukisoma kitabu ukurasa wa kwanza dukani. Nenda kwenye sura ya kazi unayoifanya tayari, kwako ni sura ya ukinzani, ukiwa na kisima chako kikavu kichwani. Jiulize: kama ningesoma kurasa hizi wiki moja kabla ya kwenda kile kijiji, ningechimba pale? Kama jibu ni ndiyo, ningechimba vile vile, basi kirudishe rafuni hata kama kimeandikwa na bingwa.

Tuangalie kilichotokea. Ulichagua namba ndogo kwa sababu mahali fulani ulishika kwamba maji yanapitisha umeme, kwa hiyo ukinzani mdogo ni maji. Nusu ya sentensi hiyo ni sahihi. Mfinyanzi nao unapitisha umeme, tena vizuri, kwa sababu ya chaji zilizo kwenye uso wa chembe zake, na maji yake yamekwama humo, hayatoki kwa pampu. Majedwali ya vitabu yanaupa mfinyanzi kati ya om-mita 1 na 100. Maji matamu ya ardhini yanapewa 10 hadi 100. Angalia jinsi safu hizo mbili zinavyolaliana. Namba 15 iko ndani ya zote mbili, na peke yake haiwezi kukuambia uko wapi. Kwa Singida ongeza na jambo la tatu, chumvi. Mtu anayeishi karibu na maziwa ya Singidani na Kindai hahitaji kitabu kumwambia kwamba maji ya chumvi yapo, ila anahitaji kukumbushwa kwamba mashine inayaona kama namba ndogo zaidi, na mpimaji mchanga hufurahi.

Kitabu kizuri cha kuanzia kinaweka jedwali hilo mapema na kukuonyesha mlaliano kwa mchoro, milia mirefu inayopishana. Kitabu kibaya kinakupa jedwali kama orodha ya bei: hiki 20, hiki 200, hiki 2,000. Ukiona orodha ya bei, ondoka.

Sasa jambo ambalo ndilo kipimo changu kikuu, na nitakaa hapo kidogo. Kwenye miamba ya zamani ya kati ya nchi, Singida, Dodoma, Tabora, mara nyingi unakuta tabaka tatu: juu udongo mkavu au moramu, katikati mwamba uliooza wenye unyevu, chini mwamba mgumu ambao haujaguswa. Ukinzani unaanza juu, unashuka, unapanda tena, na mchoro wa vipimo vyako unafanana na bakuli. Vitabuni wanauita mchoro wa aina ya H. Unachokitaka ni lile tabaka la katikati na mipasuko iliyo chini yake.

Chukua mfano, fanya na kikokotoo cha simu. Juu kuna mita 10 za udongo mkavu wa om-mita 300, chini kabisa granaiti ya 3,000. Katikati weka mita 4 za kitu chenye om-mita 10. Gawanya unene kwa ukinzani: 4 kwa 10 ni 0.4. Sasa futa hilo tabaka, weka badala yake mita 8 za kitu chenye om-mita 20. Gawanya tena: 0.4. Mashine iliyo juu ya ardhi inaona ule mgao zaidi kuliko inavyoona unene au ukinzani kila kimoja kivyake. Michoro ya ardhi hizi mbili inakaribiana kiasi kwamba makosa ya kawaida ya shambani, elektrodi iliyokaa vibaya kwenye ardhi kavu au tepu iliyopinda, yanatosha kuificha tofauti. Kompyuta itakuchorea moja kati ya hizo mbili kwa mstari mzuri mwekundu na kosa la asilimia mbili, wewe utaamini. Ardhi moja ina mita 4 za kitu kinachonukia ufinyanzi, nyingine ina tabaka nene mara mbili, na programu haikukuuliza.

Hali hii kwa Kiingereza wanaiita equivalence, mimi nikiwafundisha vijana naiita usawa wa udanganyifu. Tafuta neno hilo la Kiingereza kwenye faharasa ya kitabu, mwishoni. Lisipokuwepo, hicho ni kitabu cha kukufundisha kubonyeza. Likiwepo, nenda ukurasa huo uone wametoa mfano wenye namba au wamepita na sentensi moja. Reynolds analo, pamoja na nduguye wa pili, tabaka jembamba linalomezwa na majirani zake lisionekane kabisa. Hiyo ni sababu yangu ya kwanza ya kukupendekezea.

Sababu ya pili ni namna kilivyokaa. Ni kikubwa, karibu kurasa 700, lakini kimeandikwa na mtu wa kazi za ushauri, anayejua kwamba mwisho wa siku mteja anataka kuambiwa achimbe wapi. Mifano ya kazi halisi ni mingi: maji, madampo, misingi ya majengo, mashimo yaliyojificha chini ya barabara. Hesabu zipo, nyingi zimewekwa pembeni kwenye visanduku, unaweza kuziruka ukarudi. Kasoro yake ni kwamba hakikupi mazoezi ya kufanya mwisho wa sura, na mtu anayejifunza peke yake bila mazoezi hujidanganya kwamba ameelewa. Kasoro nyingine ni harufu ya kwao Uingereza: usishangae ukikuta barafu.

Kwa mazoezi, cha kutazama ni Introduction to Applied Geophysics cha Burger, Sheehan na Jones, cha 2006, ambacho jina lake la pili linasema wazi kwamba kinahusu ardhi ya karibu. Wale wanakushika mkono hatua kwa hatua, hasa kwenye mitetemo (kupiga ardhi na kusikiliza mawimbi yake) na ukinzani, mlinganyo unatokea mbele ya macho yako badala ya kudondoka kutoka mbinguni, na mwisho wa kila sura kuna maswali. Toleo la 2006 lilikuja na diski ya programu. Leo utahangaika kutafuta laptopu yenye pa kuingiza hiyo diski, na hilo lisikuzuie kununua kitabu cha mkono wa pili, kwa sababu thamani iko kwenye karatasi. Kama ungekuwa na mwalimu wa kukusahihisha na hesabu za kidato cha sita, ningekuambia ununue hiki badala ya Reynolds. Nimeyumba kati ya hivi viwili kabla ya kukujibu, sitaki kukuficha.

Kuna Kearey, Brooks na Hill, An Introduction to Geophysical Exploration, toleo la tatu la 2002. Ndicho utakachoambiwa na wengi waliopitia shahada ya jiolojia. Chembamba, kimepangwa vizuri, kina maswali. Shida ni kwamba moyo wake uko kwenye mitetemo ya kutafutia mafuta. Sura za ukinzani na usumakuumeme zipo na ni safi, ila ni sehemu ndogo ya kitabu, na kwa kazi yako utakuwa umelipia nyumba nzima ukakaa sebuleni.

Hesabu zikikushinda kweli kweli, si kwa uvivu, omba mtu akuazimie Looking into the Earth cha Mussett na Khan, cha mwaka 2000. Kimeandikwa kwa ajili ya wanajiolojia wanaoogopa fizikia, kinaeleza kwa maneno kwanza, na sehemu yake ya pili ni mifano ya matatizo halisi ambapo mbinu kadhaa zilitumika pamoja. Kisome kama hadithi kwa mwezi mmoja. Hakitakufanya mpimaji, kitakuondolea woga.

Na cha kwenye mkoba: Field Geophysics cha Milsom na Eriksen, toleo la nne la 2011. Hiki hakikufundishi fani, kinakufundisha kutojiaibisha shambani. Namna ya kuandika daftari, namna ya kugundua kwamba waya umeguswa na maji, kwa nini betri inayoelekea kuisha ni adui. Ukipata kwa bei ya kutupa, chukua. Kisiwe cha kwanza.

Utasikia pia jina la Mark Everett, Near-Surface Applied Geophysics, cha 2013. Kichwa cha habari kinafanana kabisa na unachokitafuta, na ndiyo maana nakutahadharisha. Ni kitabu kizuri cha mtu aliyekwisha kusoma kimoja kati ya hivyo vya juu na hesabu za chuo kikuu. Ukianza nacho utafikiri wewe ni mjinga.

Vyote hivi ni vya Kiingereza, na vimeandikwa na watu walioota jua la kwao. Hapo ndipo inabidi uwe macho, kwa sababu kuna kurasa zitakazokudanganya bila kukusudia.

Mfano mkubwa ni sumaku. Ipo siku kampuni itakodi kipima sumaku kutafuta mikanda ya mawe meusi iliyopenya kwenye granaiti, maana kandokando yake mara nyingi kuna mipasuko yenye maji. Utafungua kitabu, utaona mchoro: jiwe lenye sumaku limefukiwa, juu yake kuna kilima cha namba, na kibonde kidogo upande wa kaskazini. Utaenda shambani kutafuta kilima ili uchimbe chini yake. Mchoro huo ni wa Uingereza au Kanada, ambako mshale wa sumaku ya dunia unachoma kwenda chini kwa zaidi ya nyuzi 60. Kwetu, kusini mwa ikweta ya sumaku, mshale unainuka kwenda juu, na kwa Dodoma au Dar es Salaam mwinamo wake ni nyuzi thelathini na kitu. Nguvu yenyewe nayo ni ndogo, nanotesla elfu thelathini na kitu, wakati Uingereza inakaribia 50,000.

Hilo linabadilisha picha yote. Kwa kitu kidogo kilichofukiwa, kama jiwe la mviringo au pipa la chuma, thamani inayosomwa wima juu yake inategemea hesabu hii: mara tatu ya mraba wa saini ya mwinamo (ile sin ya kwenye kikokotoo), toa moja. Weka nyuzi 35 kwenye kikokotoo uone. Saini yake ni 0.574, mraba wake 0.329, mara tatu ni 0.987, toa moja: karibu sifuri. Yaani sehemu kubwa ya kati ya Tanzania, ukisimama juu kabisa ya kitu unachokitafuta, mashine inaweza kukuambia hakuna kitu. Kilima kiko upande wa kaskazini, kibonde upande wa kusini, na mzigo wenyewe umelala katikati, kwenye mteremko kati ya viwili hivyo. Mkanda mrefu wa mawe una tabia zake kulingana na unakoelekea, lakini somo la kwanza ni hilo hilo. Nimewahi kuona watu wakichimba kilimani, kwa ujasiri kabisa, mita kadhaa kaskazini ya pipa.

Kwa hiyo unapopekua sura ya sumaku, tazama kama mwandishi amechora kitu kile kile kwenye mwinamo tofauti, ikiwemo wa karibu na ikweta. Wakiwa wamechora mmoja tu, jua utalazimika kuchora mwenyewe.

Mitetemo ina mtego wake wa kitropiki. Mbinu ya mpinduko, ile ya nyundo na bamba la chuma, inadhani kwamba kadiri unavyoshuka mwendo wa wimbi unaongezeka. Ulaya, udongo laini juu na mwamba chini, mambo yanakwenda. Hapa unaweza kuwa na ganda la moramu lililokauka kama zege, wimbi linakimbia ndani yake, na chini yake kuna mwamba uliooza laini ambamo wimbi linajikokota. Tabaka hilo laini halitarudisha ishara ya kwanza kwenye jiofoni zako, vile vipokea mtetemo, hata moja. Utalikosa, na kina cha mwamba mgumu utakachokitoa kitakuwa na kosa. Vitabu vingi kati ya nilivyovitaja vinalieleza tatizo hili, kwa kawaida kwa aya moja. Kwako ni aya ya kupigia mstari mwekundu.

Rada ya ardhini nitaipita haraka. Ni nzuri kwenye mchanga mkavu na mawe ya matumbawe. Songo Mnara kule Kilwa watafiti waliitumia pamoja na sumaku kutazama mji wa kale bila kuuchimba wote. Kwenye mbuga nyeusi iliyolowa, mfinyanzi unaimeza kabla haijafika mbali. Akija mtu na video ya rada inayoona maji mita 100 chini ya ardhi yenu, mpe chai, mwache aende.

Mvutano kwa sasa uache. Si kwa ubaya.

Kuna jambo jingine la kutafuta kwenye sura ya ukinzani, nalo ni dogo ila limeua visima vingi: kina. Kwenye upimaji wa wima, ule tunaouita VES, unasogeza elektrodi za nje mbali na mbali zaidi, na wapimaji wengi wamezoea kusema nusu ya umbali kati yake ndiyo kina wanachokiona. Ukifungua elektrodi za nje mita 160 kutoka moja hadi nyingine, unamwambia mteja umeona mita 80. Hukuona. Kwa mpangilio wa Wenner, uliotoka kwenye kazi ya Frank Wenner ya mwaka 1915, ambapo nafasi zote tatu kati ya elektrodi nne zinalingana, kina ambacho nusu ya ishara inatoka juu yake na nusu chini yake ni kama 0.52 ya nafasi moja. Weka nafasi ya mita 40, waya wako wote ni mita 120, na kina hicho cha kati ni karibu mita 21. Na hiyo ni kwa ardhi ya aina moja. Tabaka la mfinyanzi likikaa juu, umeme unapenda kukimbilia humo, na unaona kidogo zaidi.

Kitabu kinachokuambia hivyo kwa uwazi kinakupunguzia ugomvi na bosi. Kinachokupa kanuni ya nusu ya umbali bila onyo, utalipia wewe.

Hesabu zako zinatosha kwa kuanzia kuliko unavyofikiri. Ukielewa sheria ya Om, umeelewa mlango. Pima volti 0.05 huku ukipeleka ampea 0.02, ukinzani unaousoma kwenye ardhi ni om 2.5. Kwa Wenner wa mita 10 unazidisha kwa mbili, kwa pai, kwa kumi: om-mita 157. Mashine yako inafanya hesabu hiyo kimya kimya kila unapobonyeza. Ifanye kwa mkono mara ishirini kwenye daftari, siku ya ishirini na moja utagundua mashine ikikosea kabla haijakuharibia kazi. Kitakachokusumbua baadaye ni logariti, kwa sababu michoro yote ya VES inachorwa kwenye karatasi za logariti. Rudia sura hiyo ya kidato cha nne, wikiendi moja inatosha. Mambo ya kompyuta kugeuza vipimo kuwa tabaka, yale yanayohitaji matriki, yaache mwaka wa kwanza upite.

Sasa vya bure. Chuo Kikuu cha British Columbia huko Kanada kinaendesha kitabu cha mtandaoni kiitwacho Geophysics for Practicing Geoscientists, wengi wanakiita GPG. Hakuna malipo. Kinafuata hatua saba kwa kila kazi, kuanzia kuuliza tatizo ni nini hasa mpaka kuunganisha majibu, na hatua ya pili ni kujua tabia za kimaumbile za mawe yako. Hatua hiyo ndiyo uliyoiruka kijijini. Anza na kurasa zake za ukinzani. M. H. Loke naye ana mwongozo wake wa upimaji wa ukinzani wa pande mbili na tatu, anaugawa bure, na kwa mtu wa mstari wa elektrodi nyingi hakuna kitabu cha dukani kinachoufikia kwa upana wa mada hiyo. Mwanzo wake una jedwali la ukinzani ambalo unaweza kulichapa ukalibandika ndani ya jalada la daftari. Kwa programu, ResIPy na pyGIMLi ni huria, hulipi leseni. Ya kwanza ina vitufe vya kubonyeza, ya pili inataka ujue kuandika amri za Python. Anza na ya kwanza.

Ndiyo maana nilisema usinunue leo. Soma GPG kwa miezi miwili mitatu. Orodhesha ulichokwama. Kisha nenda kwenye Reynolds na orodha hiyo, kwenye maktaba ya chuo chochote kilicho na idara ya jiolojia, Dar es Salaam au Dodoma, uone kama anakujibu. Akikujibu saba kati ya kumi, nunua. Toleo la kwanza la 1997 likipatikana kwa bei nafuu nalo linafaa kwa VES, ila la 2011 limeshika zaidi upigaji picha wa ukinzani kwa kompyuta, mbinu iliyoenea hasa baada ya katikati ya miaka ya tisini. Telford wangu wa 1990 hakuwahi kukutana nayo vizuri, ingawa majedwali yake ya tabia za miamba bado nayafungua.

Usidai kutoka kitabu chochote kile ambacho mashine haiwezi. Ukinzani hautakuambia floraidi. Kanda yenu ina historia nayo, na kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kisima chenye maji tele kinaweza kupita kiwango hicho, na mchoro wako wa VES utabaki mzuri vile vile. Hilo ni la maabara.

Ukianza kusoma, weka daftari la maneno. Upande mmoja neno la kitabu, upande wa pili utakavyomweleza mwenyekiti wa kijiji anapokuuliza kwa nini mashine ya mamilioni imeshindwa wakati mzee wa fimbo ya mti alisema maji yapo kule kwenye mkuyu. Neno unaloshindwa kumweleza mwenyekiti, hujalielewa, rudi ukurasani. Na usimcheke mzee wa fimbo. Mkuyu unajua maji ya juu yalipo, yeye anausoma mkuyu.

Kazi ya wiki hii haihitaji kitabu. Itafute karatasi ya vipimo ya kile kisima kikavu, isiwe imetupwa. Mtafute fundi wa mtambo akupe alichoandika kila mita: mfinyanzi mpaka wapi, mwamba uliooza ulikuwepo au haukuwepo, vumbi lilibadilika rangi mita ya ngapi. Weka karatasi mbili hizo pamoja, ingiza kwenye programu unene halisi wa ule mfinyanzi, mita 14, ukaifunge hiyo namba isibadilike, uone ukinzani gani unatoka na kama mchoro bado unakaa. Halafu rudia zile sehemu mbili ulizoziacha kwa sababu namba zake zilikuwa kubwa. Kama moja ilikuwa na 60 au 80 chini ya moramu kavu, huenda ulikuwa ule mwamba uliooza wenye unyevu; niandikie tena kabla bosi hajarudisha mtambo kijijini.